Dizeli ya sheli moja na nyingine zinatofautiana kwenye ulaji au ni mimi tu? Hilux inanichanganya

mshuka_kitonga

Wakuu habari za mihangaiko. Nina swali linanisumbua kama miezi mitatu sasa, naomba wenye ujuzi mnisaidie na wale wa kunicheka karibuni pia ila mkimaliza kucheka mnijibu.

Nina Hilux Vigo ya dizeli, injini 2KD, gia za mkono, niliichukua kwa mtu na sasa ina miaka minne kwangu. Nakaa Iringa mjini na kila baada ya wiki mbili nashuka Dar kwa shughuli zangu. Nikiwa Iringa najaza ful tenki kwenye sheli ya kampuni tuiite A, nikifika Dar najaza ful tenki kwenye sheli ya kampuni B kabla ya kuanza safari ya kurudi. Majina siyataji maana sitaki kesi. Sasa mimi ni mtu wa kuandika andika, kila nikijaza napiga picha odomita na risiti. Safari yangu ni kilometa 495 mlango hadi mlango na matokeo ni haya, mafuta ya A yananishusha Dar kwa lita 42, wakati mwingine 43, yaani kama kilometa 11.8 kwa lita. Mafuta ya B yananirudisha kwa lita 53, mara moja ilifika 54, yaani 9.3 kwa lita. Gari ileile, dereva yuleyule, barabara ileile. Safari sita mfululizo hakuna hata moja iliyogeuka!

Lita 11 nzima ndugu zangu, na mara mbili kwa mwezi. Swali langu, hawa B wanauza nini? Inawezekana dizeli ya kampuni moja iwe dhaifu kiasi hiki au wanachakachua? Na kwa Dar nihamie sheli ipi? Natanguliza shukrani.

depo_mstaafu

Mkuu kabla hujahama sheli ngoja nikuambie kitu. Mimi nimefanya kazi ya kupakia malori ya mafuta depo kwa miaka, nikiwa nasimama pale juu na kofia yangu naona lori la rangi nyekundu linapakia, likitoka linaingia la kijani, linafuata la bluu, bomba ni lilelile na tenki tunalovuta ni lilelile. Mwanzoni hata mimi nilishangaa maana nilikuwa na sheli yangu ninayoiamini kama dini.

Tangu 2012 mafuta ya nchi hii yanaagizwa kwa pamoja, siku hizi anayesimamia ni ule wakala wa uagizaji wa pamoja, PBPA. Inakuja meli moja na ndani yake kuna mzigo wa kampuni kibao, kila mmoja anachukua kiasi chake kwenye mzigo uleule. Zamani kila kampuni ilikuwa inaleta yake kwa meli yake, labda hapo ungesema huyu kaleta nzuri na huyu kaleta mbovu. Sasa hivi dizeli ya A na ya B zinaweza kuwa zimetoka kwenye tumbo la meli moja siku moja, zikapimwa kwa kiwango kimoja, zikawekewa vinasaba vya serikali, ile alama ya kutambua mafuta halali, zikaachana pale getini tu.

Kinachobaki tofauti ni vitu viwili. Moja, kuna kampuni zinaongeza dawa yao kwenye mafuta, ndiyo hizo unaona zina jina la kifahari na zinatangazwa kwenye mabango. Mbili, ni sheli yenyewe, tenki lake la chini lina hali gani na mwenye sheli ana roho gani. Kampuni ni bango, mafuta unauziwa na tenki.

V8_na_amani

Nakataa. Kwa heshima zote mkuu wa depo lakini mimi nimetumia hizo za jina la kifahari na gari inakuwa nyepesi kabisa, ukikanyaga inaitika, na moshi unapungua. Nikijaza kwenye hizi sheli za kichochoroni gari inakuwa nzito kama imebeba msiba. Mwili haudanganyi. Mleta mada hamia sheli kubwa za kimataifa, usisikilize watu, bei yenyewe inapishana kidogo sana.

fundi_nozo

V8 hapo juu umesema kweli nusu, na nusu nyingine ni akili inakuchezea. Ukishalipia kitu zaidi lazima kiwe kitamu, hata chai ya hotelini tunasifiaga hivyohivyo.

Nieleze kifundi kidogo. Hiyo dawa wanayoongeza kazi yake kubwa ni kuosha. Nozo ya injini ya kisasa kama hiyo 2KD ina matundu madogo sana, karibu na unene wa unywele, yakishika masizi mafuta badala ya kutoka kama ukungu yanatoka kama mkojo wa mtoto, hayaungui yote, moshi unakuja na ulaji unapanda. Dawa ikisafisha polepole kwa tenki kadhaa gari iliyokuwa chafu itarudisha nguvu yake, kwa hiyo mtu mwenye gari chafu atasema ameona maajabu na hatakuwa muongo. Ila gari ambayo nozo zake ni safi haitapata kitu cha kuona kwa macho. Kuna na dawa ya kupunguza povu, hiyo inasaidia pampu isikate mapema wakati wa kujaza, na nyingine inafanya dizeli iwake upesi ili injini isigonge gonge asubuhi ya baridi. Zote hizo ni nzuri lakini hakuna inayokupa lita 11 kwenye safari ya kilometa mia tano. HAKUNA. Ingekuwepo mabasi yote ya Mbeya yangekuwa yamepanga foleni hapo.

Halafu kuhusu kuchakachua. Dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa inakuwa nyepesi, lita moja ya mafuta ya taa ina nguvu pungufu ya ile ya dizeli kwa kama asilimia nne hivi. Sasa piga hesabu mwenyewe, hata mwizi akiweka robo nzima ya mafuta ya taa, ulaji wako unabadilika asilimia moja tu, yaani kwenye lita 50 ni nusu lita, kwenye risiti huwezi hata kuiona. Madhara yako kwingine, mafuta ya taa hayana ute, pampu na nozo za gari hizi zinalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo utakachokiona wewe ni bili ya pampu miezi sita baadaye. Ndiyo maana mtu asikwambie "mafuta yale hayana shida, gari inakula kawaida tu". Kula kawaida siyo dalili ya usalama.

Wiki iliyopita tu nimefungua filta ya Hilux kama yako, nikalegeza ile skrubu ya chini nikakinga kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Kitu kilichotoka kwanza ni maji, karibu vidole viwili, ya rangi ya chai ya maziwa, halafu ndiyo dizeli ikafuata juu yake, na katikati kamstari cheusi kama kamasi. Mwenye gari akaniambia taa ya filta iliwaka ikazima yenyewe akaona imejitibu. Ukitaka kupima sheli yako fanya hivi, kinga dizeli yao kwenye chupa nyeupe kavu, iache usiku kucha, asubuhi iangalie kwenye mwanga. Inatakiwa uone upande wa pili kama unaangalia kupitia mafuta ya kupikia. Ikiwa na ukungu au kuna kitu kimelala chini, hama hiyo sheli bila kuuliza bango lake ni rangi gani.

Mleta mada nakuuliza, ukijaza unajazaje? Pampu ikikata mara ya kwanza unaondoka au unasubiri povu lishuke unaongeza? Dizeli ina povu sana, ukiondoka kwenye mkato wa kwanza unaweza kuwa umeacha lita mbili tatu hazijaingia na hesabu yako yote inakuwa uongo.

mama_basi_la_shule

Naomba niingie na mimi japo sio fundi. Nina Coaster mbili za kubeba wanafunzi, zote injini 1HZ, moja inatokea Mbezi nyingine Tegeta, na kwa kuwa hela ya mafuta inatoka kwenye mkoba wangu nina daftari. Mwaka juzi kulikuwa na ubishi huuhuu kwa madereva wangu, mmoja anasema sheli hii mwingine ile, nikasema hebu tuone. Muhula wa kwanza wote wawili wakajaza kampuni moja, wa pili wakajaza nyingine, mimi nikawa naandika.

Gari la kwanza likatoka kilometa 6.8 kwa lita muhula wa kwanza na 6.7 wa pili. Gari la pili 5.9 na 6.0. Nikasema kumbe gari la pili ni bovu, nikalipeleka kwa fundi akabadilisha filta ya hewa akanichaji, halikubadilika. Sikukata tamaa nikabadilisha madereva, huyu aende Tegeta yule aje Mbezi. Jamani. Ile 5.9 ikahama na dereva! Gari "bovu" likaanza kutoa 6.6 na lile zuri likashuka 6.0. Kijana ana mguu wa chuma, anakanyaga mpaka kwenye tuta halafu anafunga breki, na wakati anasubiri watoto anaacha injini inaunguruma anasikiliza redio nusu saa.

Kwa hiyo mimi kampuni za mafuta nimeziacha, nahangaika na miguu.

V8_na_amani

Dada hizo Coaster ni injini za zamani hazina kompyuta, zinakula chochote hata mafuta ya alizeti. Za kisasa zinasikia tofauti.

mama_basi_la_shule

Mleta mada ana 2KD, basi tumsubiri yeye.

dereva_wa_Tunduma

Mimi napiga Dar Tunduma na semi, mlima wa Kitonga naufahamu mpaka mashimo yake kwa majina. Kanuni zetu barabarani ni rahisi, jaza pale malori yanapopanga foleni maana pale mafuta hayalali, leo yameingia kesho yameisha. Sheli nzuri nzuri ya vioo ambayo haina gari hata moja ogopa, mafuta yanakaa chini miezi, mvua inanyesha maji yanapenya. Na ukikuta lori linashusha mafuta kwenye sheli pita uende inayofuata, au kaa ule kwanza, maana yale mafuta yanayomwagwa yanakoroga uchafu wote uliokuwa umetulia chini ya tenki na wewe ndio unaunyonya. Hili la kampuni kampuni sijawahi kuliona kwenye ulaji na natembea na lita mia nane. Kipo kitu kimoja kinakula mafuta kuliko vyote nacho ni mlima ukiwa na mzigo.

Ngoja kwanza. Mleta mada, KUSHUKA Dar lita 42 na KUPANDA Iringa lita 53?? Na unarudi na nini nyuma?

ticha_fizikia

😂😂😂 dereva kaona. Nilikuwa nasoma uzi huu kimya kimya nikisubiri mtu aseme. Mleta mada jibu swali la dereva, unarudi na nini?

mshuka_kitonga

Fundi asante sana, kujaza nasubiri povu, najaza mpaka shingoni kote kote.

Kuhusu mzigo, ndio narudi na bidhaa za duka kutoka Kariakoo. Katoni za sabuni, mafuta ya kupikia, madaftari msimu wa shule. Kama kilo 900 hivi, nafunga na turubai. Kushuka naenda mtupu. Lakini mbona hata mwanzo nilikuwa nabeba?

dereva_wa_Tunduma

Aisee 🤦🏾 gari ileile barabara ileile, umesahau kusema tani moja na mlima.

ticha_fizikia

Msimcheke jamani, watu wengi wanakosea hapa na yeye ameandika kumbukumbu kuliko wengi wetu. Ngoja nifanye hesabu, anayechukia hesabu aruke.

Dar iko usawa wa bahari. Iringa mjini iko mita 1,500 na ushee juu. Hilux tupu na dereva tuseme tani 2, na mzigo 0.9, jumla tani 2.9. Kuinua tani 2.9 mita 1,500 unahitaji kazi ya kama megajuli 43. Lita ya dizeli ina kama megajuli 36, ila injini inakugeuzia theluthi tu kuwa kazi, inayobaki inaondoka na joto la rejeta na egzosi, kwa hiyo lita moja inakupa 12 hivi. 43 gawa kwa 12 ni lita tatu na nusu. Hizo umezichoma kwa ajili ya kwenda JUU tu, haijalishi ni Kitonga au ni ule mwinuko wa polepole usiouona.

Pili, mzigo wenyewe. Tairi zikibeba kilo 900 za ziada zinalalia lami zaidi kwa kilometa zote 495, tambarare na mlima. Ukikadiria kwa tairi za kawaida unapata lita nne nyingine hivi, na kama upepo wa tairi ni uleule unaotembelea ukiwa mtupu basi ongeza. Hii watu huwa wanaisahau kuliko mlima.

Tatu, ukishuka mtupu mlima unakulipa. Ukiachia mguu na gia ikiwa ndani injini ya kisasa inakata mafuta kabisa, sindano ya rpm iko juu lakini nozo hazitoi kitu. Hapo unaokoa lita moja na nusu, mbili, kutegemea unafunga breki mara ngapi.

Jumlisha, tunafika lita tisa na nusu. Wewe una 11. Iliyobaki mgawie turubai linalopiga makofi kwenye upepo na foleni ya kutoka Kimara hadi Mlandizi. Hakuna kilichobaki cha kumlaumu B.

Ningeongeza na joto, mafuta yakiwa ya moto yanavimba, kila digrii kumi lita 50 zinavimba kama mililita 400, na Dar ni moto kuliko Iringa. Lakini matenki yako chini ya ardhi na pampu zote zina hali hiyo, ni vijisenti.

gari_moshi_Voi

Salamu kutoka huku Kenya. Nyinyi mnasema depo, sisi huku ni pipeline, mafuta ya kila kampuni yanaingia kwa tanki za KPC, kampuni ya bomba la mafuta, pale Mombasa yanachanganyika na kusukumwa pamoja hadi Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kisumu. Hakuna lita inayotembea na jina lake. Kila mtu anatoa kiasi chake upande wa pili halafu kila mtu anaweka dawa yake kama anayo. Bado mjomba wangu ana petroli stesheni yake moja tu anapita tano akiifuata, anachoma mafuta kwenda kutafuta mafuta.

Shida yetu kubwa ilikuwa hiyo ya kuchanganya na mafuta ya taa, wenye matatu na malori walilia sana. 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili bei ikaribiane na dizeli, mwizi akose faida. Aliyeumia zaidi ni mama wa kupika na stovu.

depo_mstaafu

Na huku ilikuwa hivyohivyo 2011, ushuru wa mafuta ya taa ulipanda ghafla kwa sababu hiyohiyo. Bibi yangu kijijini hakuelewa kwa nini kibatari chake kimehusishwa na malori.

V8_na_amani

Sawa ticha nimekuelewa lakini mimi sina mlima, natembea Masaki na Mikocheni, na gari inakuwa nyepesi.

fundi_nozo

Lete gari tuangalie nozo 😄 kama zilikuwa chafu utakuwa sahihi na nitakuomba radhi hapahapa.

mshuka_kitonga

Wakuu nimerudi baada ya mwezi na wiki, samahani kwa ukimya, nilikuwa nafanya homuweki ya ticha.

Safari ya kwanza niligeuza, nikapitia Dar kwa B nikajaza na madumu, niliporudi Iringa nikaliacha gari likaisha kabisa nikalijaza yale ya B, nikashuka nayo nikiwa mtupu. Lita 42.5. Yaani mafuta "dhaifu" yamenishusha sawa na ya A. Kurudi nikatafuta sheli ya A hukohuko Dar, nikajaza, nikapanda na mzigo wangu wa kawaida. Lita 52.7. Mke wangu ameniambia nikawaombe B msamaha kwa sababu nimewasema kwa watu wengi sana, mpaka shemeji yangu alishahama.

Safari ya pili nilifanya alichosema ticha kuhusu upepo wa tairi, kumbe nilikuwa natembea na 30 nyuma mwaka mzima, nilimwambia kijana wa gereji aweke ile inayoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni kwa gari lenye mzigo akashangaa kwamba kuna kibandiko. Turubai nikalikaza na kamba mbili za ziada lisipige kelele. Kupanda lita 50 na vikombe.

Na fundi nilikinga filta kama ulivyosema. Maji yalikuwepo, sio vidole viwili ila kidole kimoja kinafika, na kale kamstari cheusi nako kapo. Na chupa za kupima dizeli ya sheli ninazo hapa dirishani, ya A imekaa upande wa kushoto na ya B kulia, siku ya tatu leo. Ya kulia iko safi. Ya A, hii ya hapa Iringa niliyokuwa naisifia, ndiyo imelaza kitu chini.

dereva_wa_Tunduma

Hiyo sheli ya Iringa malori huwa yanaingia?

mshuka_kitonga

Sijawahi kuona hata moja. Ndio maana niliipenda, hakuna foleni.